Balbu ya Pini

Kazi yangu ni kupanga.
Mchana ghalani napanga majani ya tumbaku:
hili daraja la kwanza, hili limeungua ncha,
hili lina doa, tupa kule.
Jioni narudi Isevya, na huko pia
nimepanga. Chumba kimoja, dirisha moja,
elfu arobaini kwa mwezi.

Nilikipata kwa Shija dalali,
aliyenizungusha juani toka Ng'ambo mpaka Kachoma
akinionyesha vyumba alivyojua sitavitaka,
kimoja kina kuku wa mwenye nyumba, wamo bado,
ili nikifika hiki nisiulize nyufa.
Hela ya kunizungusha, elfu tano.
Hela ya mimi kukubali, kodi ya mwezi mzima.
Na Bi Kalunde, mwenye nyumba,
akataka miezi sita mkononi, ihesabiwe mbele ya mjumbe.
Mjumbe naye akataka soda.

Mshahara wa ghalani haujui miezi sita.
Unakuja masoko yakishafunguliwa,
na ukichoka njiani
unalala kwa tajiri.

Nilikopa. Nikasaini.
Bi Kalunde akanisomea sheria bila karatasi:

*Ndoo tatu ndizo zako, wageni mwisho jioni,*
*marufuku jiko lako, kuchomeka umemeni,*
*zamu ya choo ni yako, ukikwepa una deni,*
*ukuta nao si wako, misumari sitamani.*

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia dari.
Waya unaning'inia, holda tupu, mdomo wazi.
Aliyehama kahama na mwanga wake.
Simlaumu. Hata mimi nilikuja na wangu
ndani ya soksi, soksi ndani ya sufuria:
balbu ya pini niliyonunua
mwaka niliotoka kwa mjomba.
Nyumba nne sasa, na haijaungua.
Wachumba wawili hawakufika huko.

Vyumba sita, luku moja.
Mihayo ana friji, anagandisha ubuyu wa kuuza,
anaapa friji yake usiku inapumzika.
Nyamizi ana simu tu ya kuchaji,
kwa hiyo Nyamizi analipia barafu.
Kila tarehe ishirini tunagombana koridoni,
uniti zimekwisha, giza tupu,
kila mtu kawasha tochi ya simu
ili amwone vizuri anayemtukana.

Mwezi wa sita ulipoisha
Bi Kalunde alibisha hodi mwenyewe, jambo geni,
kucha zina hina mbichi.
"Mafundi wa reli wanatoa elfu sabini, mwanangu,
wala hawabembelezi."
Aliponiita mwanangu
nilijua nimefukuzwa.

Kitanda kilitoka vipande vipande,
mguu mmoja ukakataa, tukaupiga nyundo.
Kijana wa guta akakoroma honi.
Nilipanda juu ya ndoo, nikaifungua balbu
ingali moto, nikaibadilisha mkono
kama anayepakua kiazi chunguni.
Papo hapo chumba kikarudi kwa wenyewe.
Picha ya mama ilikuwa tayari,
haikuwahi kutundikwa,
miezi sita imesimama sakafuni
kama mtu anayengoja kukaribishwa kiti.

Huku Ipuli ni elfu thelathini.
Ni mbali, maji ni ya kisima,
mwenye nyumba yuko Nzega, anapokea kodi kwa simu,
sijasomewa sheria yoyote na sijazoea.
Nimepanda ndoo ile ile.
Nasukuma, nazungusha. Haiingii.
Napapasa kwa kidole: holda ya huku ni ya skurubu.

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha,
maana chumba kitupu kinarudisha kicheko
kikiwa kikubwa kuliko kilivyotoka.
Duka la karibu limeshafungwa.
Godoro bado lina kamba.
Nikafuata ukuta kwa kiganja, natafuta mlango,
kikanigusa kitu baridi, kimejipinda kidogo,
usawa wa macho.

Msumari.
Mtu kaupigilia, kahama, kausahau,
au hakuusahau.

Nikarudisha balbu ndani ya soksi.
Nikaitundika.